Ruhusa ya Kusoma Tu

Abbé Philippe alifika nyumbani kwa Hilaire Kabamba Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa Juni 1993, akisukuma baiskeli iliyofungwa kompyuta nyuma. Alikuwa ameiviringisha kwa shuka la kitanda mpaka ikafanana na mgonjwa anayepelekwa hospitali.

"Papa Hilaire," alisema, hata kabla hajaegemeza baiskeli ukutani, "bantu banasema weye njo unajua ma-simu ya kampuni kupita bote hapa Likasi."

"Zamani tulikuwa wengi, Abbé. Sasa tumebakia watatu."

Ndivyo ilivyokuwa. Hilaire alikuwa fundi wa simu katika kampuni ya shaba kwa miaka kumi na saba. Idara yao ilikuwa na mafundi kumi na mmoja. Sasa viwanda vilikuwa vimezima nusu, mshahara ulikuja ukitaka, na mafundi wanane, wote wa asili ya jimbo la Kasai, walikuwa wamefukuzwa mjini pamoja na ndugu zao mwaka uliopita.

Abbé akaketi, akaeleza shida yake. Shirika moja la msaada huko Lubumbashi lilikuwa limeandika majina ya Wakasai wote waliofukuzwa Likasi: waliokwisha kupanda treni kwenda Kasai, na waliokuwa bado wamelala chini ya mahema kandokando ya gare, ile stesheni ya mji, wakingoja treni. Majina hayo yote yalikaa ndani ya kompyuta moja, Lubumbashi. Yeye Abbé, aliyegawa maziwa na mablanketi hapa Likasi, kila alipohitaji kujua ni watoto wangapi wamebaki, ilimlazimu kutuma mtu kwa barabara, kilomita mia moja na ishirini, na kungoja juma zima.

"Rapport inafika na hesabu ya watoto mia tatu, na minye nilishazika ishirini kati yao," alisema. "Tunataka tuulize sisi wenyewe, toka hapa, kwa simu. Kampuni imekubali kutuazima laini moja. Tunakosa tu fundi."

Hilaire alikubali kabla Abbé hajamaliza kusema. Padri alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita mtu mwema. Abbé Philippe alikuwa amehamia parokia hii mwezi wa Novemba tu, hakuwajua watu wa Panda, mtaa wa wafanyakazi alikoishi Hilaire. Hakujua kwamba katika majina hayo limo jina la mke wa huyu aliyemwita mtu mwema.

Mke huyo aliitwa Kabedi. Alizaliwa hapa hapa Panda, nyumba ya tatu kutoka ile aliyokuja kuolewa. Kasai hakuwahi kuiona hata siku moja. Lakini baba yake alitoka huko kujenga reli, na mwaka ule wa 1992, maneno ya siasa yalipowaka, hilo lilitosha. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na vyuma na viberiti, wakiwatoa watu waliokwisha kukaa jimbo hili la Katanga vizazi vitatu.

Kwa Hilaire walifika siku ya Alhamisi, mwezi wa Septemba. Aliyewatangulia alikuwa Alphonse, kaka yake mkubwa, tumbo moja.

"Hilaire, banakuya," alisema Alphonse, akitweta. "Juu yako haiko neno. Juu ya batoto haiko neno. Ni juu ya bibi. Kama anatoka yeye mwenyewe, nyumba habataichoma. Minye nilibaomba."

"Yaya," alisema Hilaire, kama mdogo anavyomwita kaka yake, "huyu ni bibi yangu."

"Ninajua. Njo juu ya ile nilibaomba."

Kabedi alikuwa akikunja nguo za mtoto. Aliyasikia yote. Akamchukua Camille, mtoto wao wa kiume wa mwaka mmoja, akamfunga mgongoni, akatia vitu viwili vitatu katika beseni. Halafu akasimama mlangoni, akamtazama mumewe. Alingoja kwa muda ambao ungemtosha mtu kuvaa viatu.

Hilaire hakuvaa viatu. Alisimama miguu mitupu juu ya saruji, amemshika mkono Joëlle, binti yao wa miaka tisa. Kelele za vijana zilikuwa zimefika kwenye kona ya barabara.

"Joëlle abakie," alisema Kabedi hatimaye. "Huyu angali ananyonya, njo ninamubeba. Ufunge mulango."

Akatoka. Na Hilaire akaufunga mlango kama alivyoambiwa.

Gare haikuwa mbali; kutoka Panda mtu anakwenda kwa miguu. Mara mbili Hilaire alikwenda na sufuria ya bukari, ugali wa huku, na samaki, akamkuta Kabedi ameketi juu ya beseni lake kati ya maelfu ya watu, akampa chakula, akambeba Camille kidogo, akaondoka. Mara ya tatu, pale barabara inapovuka reli, alikuta vijana wamesimama. Mmoja wao alikuwa mtu wa karakana yao mwenyewe.

"Papa Hilaire, ile chakula unapelekea nani?"

"Hapana mutu," alijibu Hilaire. Akageuka na sufuria yake. Njiani alikaa chini ya ukuta wa kiwanda mpaka chakula kikapoa, kisha akakitoa chote kwa mbwa. Alipofika nyumbani Joëlle alimkimbilia, akamuuliza kama mama amekula.

"Amekula," alisema. "Anakusalimia."

Juma lililofuata alisema hivyo hivyo, na juma lililofuata tena, bila kufika gare. Alitoka na sufuria, akazunguka, akarudi nayo tupu. Kila juma alijiambia kwamba vijana watachoka na njia itafunguka. Mvua zikaanza, Noeli ikapita. Mwezi wa Februari treni moja ndefu ikaondoka na watu wengi, na watu wakamwambia kwamba Kabedi amepanda. Akamwambia Joëlle kwamba mama na Camille wamekwenda kutembea kwa babu.

Basi, Abbé alipotaja majina yaliyo ndani ya kompyuta, Hilaire alijua jina la nani limo. Alijiambia kwamba anakwenda kufanya kazi ya simu tu.

Kazi yenyewe ilichukua majuma matatu. Waya uliotoka kituo cha simu cha kampuni hadi parokia ulikuwa umekatwa mahali pawili. Katika mji wa shaba, waya haulali salama. Hilaire alipanda nguzo, akaunganisha, akafukia sehemu nyingine chini ya shimo la taka ili wezi wasiishuku. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuja na kukatika, kwa hiyo akaweka betri mbili za lori chini ya meza, katika chumba kilichokuwa cha mafundisho ya katekisimu. Kompyuta ikakaa chini ya picha ya Bikira Maria, na kando yake modemu, kisanduku kidogo chenye taa nyekundu kinachozifanya kompyuta mbili zisemezane kwa simu.

Upande wa pili wa laini alikuwepo Laure, msichana wa Lubumbashi aliyeyatunza yale majina. Hawakuwa wameonana kamwe. Walijuana kwa sauti tu, kila asubuhi saa kumi na mbili, wakati laini ilipokuwa tupu kwa sababu wakubwa wa kampuni walikuwa hawajaamka.

"Bonjour, Monsieur Hilaire. Leo tutaweza?"

"Tutajaribu, Mademoiselle. Piga."

Simu ililia, modemu ikapiga mluzi, ikakwaruza kama chuma juu ya bati, na kwenye skrini zikamwagika herufi zisizosomeka. Ndipo wakakata na kuanza tena. Hilaire alipunguza mwendo wa modemu hadi nusu, akabadilisha kiungo kimoja kilichooza kituoni, akarudi. Siku ya kumi na tisa mluzi ulinyooka, taa ikatulia, na kwenye skrini nyeusi yakatokea maneno ya kijani kibichi, yamekamilika, yakiuliza jina la anayeingia.

Abbé alipiga makofi kama mtoto. Laini ilipokatwa na Laure akapiga tena kwa sauti, alikuwa akicheka.

"Muzuri! Sasa sikiliza, Monsieur Hilaire. Nilikupa jina la kuingilia na neno la siri. Mais, ruhusa yako ni ya kusoma tu. Unaweza kuuliza kila kintu, kuhesabu, kupanga, kutoa rapport. Kubadilisha hata herufi moja, hapana."

"Njo vile inafaa," alisema Hilaire. "Mutu wa rapport hapaswi kugusa majina ya bantu."

Aliyasema hayo kwa moyo mweupe, kama fundi anayependa kazi ipangwe vizuri.

Akaanza kutengeneza ripoti. Laure alimfundisha kwa simu namna ya kuandika maswali ili kompyuta ya Lubumbashi iyaelewe, naye akayashika upesi. Watoto wa chini ya miaka mitano waliobaki gare. Wazee wasio na mtu. Familia zilizopanda treni ya mwezi wa nne. Printa ilikwaruza, karatasi ikashuka ikijikunja sakafuni, na mchana ule ule Abbé akajua maziwa yapelekwe hema gani. Watu wa parokia walianza kumwamkia Hilaire kwa heshima ambayo kazini hakuipata tena.

Jina la Kabedi hakulitafuta. Mara mbili alikuwa peke yake chumbani, akaandika K, A, B, E, kisha akazifuta herufi moja moja. Alitaka kujua, na aliogopa kujua. Alijiambia atatafuta Jumatatu. Jumatatu ikifika alikuwa na ripoti nyingine.

Katikati ya Julai masista wa Mwene-Ditu, huko Kasai ambako treni zilishusha watu, waliandika wakiomba majina ya wajane waliofika na watoto, au waliopoteza watoto njiani, ili wawatafutie vibanda. Hilaire akaandika swali lake: wanawake, mume amekufa, wameshuka Mwene-Ditu. Printa ikaanza. Abbé aliketi juu ya benchi la katekisimu na miwani yake, akipokea karatasi na kusoma kwa sauti, akitia alama kwa wale aliowakumbuka.

Alisoma jina la kwanza, la pili, la kumi. Hilaire alikuwa akikaza nyaya za betri chini ya meza.

"Kabedi Ntumba," alisoma Abbé. "Miaka thelathini na mbili. Alizaliwa Likasi, mtaa wa Panda. Mume: amekufa. Watoto hai: mmoja, hayuko naye. Watoto waliokufa: mmoja. Camille, mvulana, miezi kumi na sita. Surua, gare ya Likasi, tarehe tisa Januari." Akatikisa kichwa. "Maskini." Akashika jina linalofuata.

"Rudilia, Abbé," ilisema sauti kutoka chini ya meza.

"Gani?"

"Ile ya Panda."

Abbé akasoma tena, polepole zaidi, akidhani fundi anataka kuhakikisha kazi yake. Alipomaliza aliinama, akamkuta Hilaire ameketi sakafuni, bisibisi mkononi, akitazama ukuta.

"Papa Hilaire? Unamujua?"

"Kuna makosa mu kompyuta," alisema Hilaire. Akainuka, akakata ile laini ya ripoti katikati ya jina la mwanamke mwingine, akampigia Laure.

"Mademoiselle, jina moja mulikosea. Kabedi Ntumba, wa Panda. Muliandika bwana yake alikufa. Bwana yake iko muzima."

"Attends, ngoja." Alisikia vidole vyake vikigonga. "Ninamuona. Mais, Monsieur Hilaire, sisi tunaandika tu vile muntu mwenyewe anatuambia. Unajua aje kama iko muzima?"

Hilaire akakohoa. Abbé alikuwa nyuma yake, na karatasi mkononi.

"Juu ni minye."

Laini ilivuma. Kilomita mia moja na ishirini za waya.

"Pole, Papa," alisema Laure. Tangu siku ya kwanza alikuwa hajamwita Papa. "Pole sana."

"Na mutoto? Pengine na juu ya mutoto mulikosea."

"Karatasi aliyojaza ku gare iko hapa mu kabati. Unipe mpaka kesho, nitaitafuta."

Hilaire hakwenda nyumbani upesi siku ile. Alitembea hadi soko la Kikula na kurudi, bila kununua kitu. Joëlle alipomuuliza kwa nini hali chakula, alisema amekwisha kula njiani.

Kesho yake, saa kumi na mbili, simu ililia yenyewe.

"Niliipata," alisema Laure. "Papa, unataka nisome yote?"

"Soma."

Akasoma. Jina, miaka, mtaa. Yote yalikuwa kama yalivyokuwa ndani ya kompyuta, na tarehe ya Camille vilevile. Kisha Hilaire akasikia karatasi ikigeuzwa.

"Kuna maneno pembeni, mwandishi aliyaandika kwa kalamu. Haya hatukuyatia mu kompyuta, juu haiko na nafasi yake."

"Soma, mwanangu."

"Iliandikwa: 'Mama huyu alisema kwanza ameolewa. Nilipomuuliza mume yuko wapi, alisema yuko Panda, karibu. Nikamuuliza kama niandike yuko hai. Akasema: Angekuwa hai, angekuja kuzika mutoto wake. Andika alikufa.'"

Hilaire akaushikilia mkonga wa simu. Nje wanawake wa parokia walikuwa wakifagia, na fagio lilisikika kama mtu anayepumua.

"Mademoiselle Laure," alisema baadaye. "Weye iko na ruhusa ya kubadilisha?"

"Niko nayo."

"Basi badilisha. Andika iko hai."

"Siwezi, Papa. Ni neno lake. Kama yeye mwenyewe anakuya kusema lingine, nitabadilisha siku ile ile." Akaongeza, "Unisamehe."

"Hapana. Unafanya muzuri," alisema Hilaire, akakata simu taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Abbé Philippe hakumhubiria. Alimchukua kwa baiskeli mpaka makaburi, kwenye kipande cha ardhi kilichochimbwa wakati wa surua. Yalikuwa matuta madogo, madogo kuliko Hilaire alivyotarajia, yamefuatana safu kwa safu, na nyasi za mvua iliyopita zilikuwa zimekauka juu yake.

"Ni minye nilibazika," alisema Abbé. "Mwezi wa kwanza tulizika arobaini na wawili, pengine arobaini na watatu. Kila moja tulisimamisha kijiti na namba. Bantu balikosa kuni, balikuya kuving'oa. Camille iko hapa, mu safu tatu hizi. Zaidi ya pale, Papa Hilaire, sijui."

"Mama yake alikuwapo?"

"Bamama bote balikuwapo. Ilikuwa mvua." Abbé akavua miwani. "Na kama ningejua baba iko Panda, ningekuya kumwita minye mwenyewe."

Hilaire akapita kati ya matuta mara moja, akarudi mara ya pili, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kisha akapiga magoti mahali popote tu, akalia kilio kikubwa cha mwanamume, hata wachimba kaburi waliokuwa upande wa pili wakaacha kazi, wakavua kofia.

Kumwambia Joëlle kulikuwa kugumu kuliko yote. Alimketisha uani, akamwambia kwamba Camille hakufika kwa babu, kwamba alikufa hapa hapa kabla ya treni. Mtoto alilia. Alipotulia, akafikiri, na Hilaire akaona swali likija kabla halijatoka.

"Mais papa, weye ulikuwa ukienda kila juma. Maman hakukuambia?"

"Sikuwa nikienda, Joëlle. Nilienda mara mbili."

"Na zile siku alinisalimia?"

"Ni minye nilikuwa nikikusalimia."

Joëlle akamtazama kwa macho ya mama yake. Aliingia ndani, na kuanzia siku ile, chakula baba alichompikia alikila, maswali aliyoulizwa aliyajibu, lakini yeye mwenyewe hakumuuliza kitu tena.

Hilaire akaandika barua. Aliandika nyingi na kuzichana, mwisho akatuma moja fupi kwa masista wa Mwene-Ditu: kwamba amejua habari za Camille, kwamba hana la kujitetea, kwamba Joëlle ni mzima na anasoma, na kwamba akimruhusu atakuja huko, hata kwa kulala nje ya mlango. Barua ilikwenda na treni ya Agosti.

Jibu lilifika mwisho wa Oktoba mkononi mwa Abbé, katika bahasha iliyoandikwa jina moja: Joëlle. Mtoto alienda kuisoma nyuma ya nyumba. Alipomaliza, alimletea baba yake ukurasa wa pili, akaushika yeye mwenyewe mbele ya macho yake, bila kumkabidhi.

Kabedi alikuwa ameandika kwamba ana chumba kimoja na jiko, kwamba anashona nguo, kwamba Sista Clémentine, mmoja wa masista wa huko, atasafiri na treni ya Desemba, na Joëlle aje naye kama anataka. Mwisho kulikuwa na mstari mmoja: "Mwambie mwenye kuandika kwamba barua yake ilifika."

Hilaire aliusoma mstari ule akitafuta kitu kingine ndani yake. Hakikuwamo.

"Unataka kwenda?" alimuuliza binti yake.

"Ndiyo."

Alphonse alipopata habari alikuja mbio. Tangu siku ile ya Septemba alikuwa akija na kukaa sebuleni kama zamani, na Hilaire akimpa kiti kwa sababu ni mkubwa wake.

"Huyu ni mutoto wetu!" alisema Alphonse. "Mutoto ni wa baba. Utamutuma kule, kwa bantu bale?"

"Yaya," alisema Hilaire, "bantu bale njo bantu ba mama yake. Nilikusikia mara moja. Leo weye utanisikia minye."

Siku ya treni Hilaire alivaa suti yake ya ndoa, akabeba sanduku la Joëlle kichwani, akapita katikati ya barabara saa nne, mchana kweupe, akavuka reli mahali pale palipomshinda. Hakuwepo kijana wa kumuuliza kitu. Palikuwa wazi tu, na mwanamke mmoja akiuza karanga. Hilaire aliona haya kuliko kama wangempiga.

Gare ilijaa vifurushi, magodoro na kuku. Sista Clémentine alikuwa amewapatia nafasi karibu na mlango wa behewa. Joëlle alipanda, akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uani, aliuliza.

"Papa, nimwambie maman nini?"

Hilaire alikuwa amejitayarishia maneno mengi njiani. Yote yalimtoroka.

"Umuulize namba ya Camille," alisema. "Kijiti chake kilikuwa namba gani. Yeye atakumbuka. Uandike, umpe Sista aitume Lubumbashi, Laure atanisomea ku simu."

"Nitamuuliza."

"Na uvae muzuri mu njia. Kule Kamina ni baridi asubuhi."

Treni ikavuta. Alimkimbilia kidogo kandokando, kama watu wengine wote, mpaka jukwaa likaisha.

Jumatatu akatoa ripoti ya treni hiyo, kwani ilikuwa kazi yake: watu mia nane na sita, watoto mia tatu na kumi, na kati yao msichana mmoja wa miaka kumi, anakwenda kwa mama. Akaikunja, akampa Abbé.

Namba haikufika. Mwezi wa Januari, wakati wa mvua kubwa, wezi walikata waya wa kampuni kati ya Likasi na Lubumbashi, kilomita nne kwa siku moja, na safari hii kampuni haikuwa na waya mwingine wa kuweka. Hilaire alipanda nguzo ya mwisho, akaona nguzo zilizo tupu zikifuatana mpaka kilimani. Modemu ikazimwa, ikafunikwa kwa kitambaa cha altare. Baadaye Abbé alisikia kwamba ofisi ya Lubumbashi imefungwa na Laure amehama. Treni za Kasai zikawa chache, barua zikapotea njiani, na Hilaire hakujua kama Joëlle aliuliza, wala kama Kabedi alikumbuka.

Alichokifanya ni hiki. Kila Jumamosi alichukua jembe na panga, akaenda makaburini, akapalilia. Kwa kuwa hakujua lipi ni la mwanawe, alipalilia yote ya safu zile tatu, akiinua udongo ulioporomoshwa na mvua, akizungushia mawe. Iliyochukua muda mwingi ilikuwa safu ya kati, ambayo maji yalipenda kupita. Watu wengine walidhani parokia imemwajiri.

Jumamosi moja ya Machi, Alphonse alitokea kwenye njia. Alikuwa amekonda, naye alikuwa hajapata mshahara. Begani alikuwa na jembe. Akasimama pembeni muda mrefu, akitazama mdogo wake aliyeinama.

"Hilaire," alisema. "Camille njo gani?"

"Sijui, Yaya."

Alphonse akasogea, akataka kuanzia kwenye tuta lililokuwa karibu na miguu yake.

"Hapana hapa," alisema Hilaire bila kuinua kichwa. "Enda ukaanzie kule mwisho wa ile safu ya kati, yenye maji."

Alphonse akaenda kule mwisho. Walilima mpaka jua likawa utosini, kila mtu upande wake.